Fezi ya Nyumba ya Bwana

Msimamizi wa mashine pale Garsen hakunipenda tangu siku nilipofika kutoka Kipini, na mimi sikumpenda. Yeye alikuwa Mzungu mwenye shingo nyekundu na ulimi mchafu. Mimi nilikuwa fundi wa umeme pekee wa lile shamba la mpunga, miaka ya hamsini.

Jenereta yetu ilitoa umeme kwa fezi tatu, yaani njia tatu za waya zinazogawana mzigo. Mota ya pampu, iliyovuta maji ya mto kwenda mashambani, ilizitaka zote tatu, tena zenye nguvu sawa. Lakini aliyefunga ubao wa swichi kabla yangu aliirundikia fezi ya kwanza nyumba nzima ya bwana huyo: jiko, friji, pasi na feni, na juu yake taa zote za karakana. Mpishi akiwasha jiko, mshale wa mita ya kwanza uliruka huku ile mingine miwili imelala. Hapo mota ilinguruma vibaya, ikawa moto hata mkono hauwekeki.

"Tugawe mzigo, bwana," nilimwambia. "Mota itaungua."

"Wewe hapana fundisha mimi kazi."

Siku moja alikwenda Kipini. Nilizima jenereta kwa nusu saa, nikahamishia jiko fezi ya pili na karakana fezi ya tatu. Nilipowasha, mishale mitatu ilisimama karibu pamoja, na mota ikapoa.

Aliporudi, mkewe alimlalamikia kwamba umeme ulikatika, keki yake ikaharibikia jikoni. Bwana alinijia mbio, akanipiga kofi mbele ya wakulima waliokuwa wakingoja zamu ya maji.

"Rudisha yote! Sasa hivi!"

Nikarudisha. Ningeweza kubisha, au kumwendea mkubwa wake aliyekuja kila Jumatatu. Sikufanya hivyo. Nilikaza skrubu moja baada ya nyingine, shavu likiniwaka, nikisema moyoni: acha iungue, tuone.

Iliungua siku ya nne, saa sita mchana. Nyingine ikaagizwa Mombasa, ikakawia. Jua lilipasua udongo wa majaruba, mpunga ukawa wa manjano, kisha mweupe.

Mama mmoja wa Kipokomo, ambaye jaruba lake lilikuwa karibu kabisa na pampu, alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga hodi.

"Ulijua itaungua?"

"Nilimwambia bwana, mama."

"Sikuulizi habari za bwana. Sisi ulituambia?"

Alitema mate kizingitini, akaenda zake.

Bwana alimwandikia mkubwa wake kwamba mota niliiunguza mimi, nikafukuzwa. Ndani ya kivuko niliwakuta wakulima walewale wamekaa kwenye mabenchi. Niliwaamkia, hakuna aliyeitikia. Wala hakuna aliyesogea nipate kukaa. Nilisimama na sanduku la vifaa begani mpaka ng'ambo, na hasira yangu yote, mpaka leo sijui vizuri ilikuwa kwa nani.