Fundi Alipokuwa Mgeni wa Katuni

Taarifa ya msiba iliingia asubuhi, nikiwa nachemsha chai, kwenye kundi la simu la sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi. Fundi redio wa Mjimwema amefariki, mazishi kesho kutwa. Kabla hata mtu hajaandika "Bwana ametoa, Bwana ametwaa", mwenzetu mmoja akatuma stika. Kama unatumia simu huenda umeiona: kijizee cha katuni chenye kitambi na jino moja, kimekumbatia gitaa, kinaanguka kutoka jukwaani miguu juu. Sijui aliyeituma alifikiri nini, na sitaki kujua. Kijizee kile ndiye marehemu.

Nilikasirika mpaka chai ikafurika ikazima jiko. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana watu wengi wameicheka stika hiyo bila kujua ilitoka wapi. Mimi ninajua, kwa sababu nilikuwepo siku ilipozaliwa, na nilicheka.

Nililelewa na bibi, Mjimwema, Songea, katika nyumba iliyopeana mgongo na ya Fundi. Tulimwita hivyo tu, Fundi. Kibanda chake cha mabati kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na mchana kutwa harufu ya risasi ya kuchomelea ilitufikia jikoni ikachanganyika na ya maharage. Jioni, kama umeme upo, alikuwa akiweka pembeni redio za watu na kuchomeka gitaa lake. Lilikuwa gitaa la umeme, na kipaza sauti chake alikitengeneza mwenyewe kwa vipuri vya redio mbovu na sanduku la mbao lililowahi kubebea sabuni.

Alipiga roki. Ndiyo, roki, Songea hiyo hiyo. Alijifunza ujanani kwa kanda alizoachiwa na padri mmoja mzungu aliyerudi kwao, akazisikiliza mpaka zikakatika, akaziunga, akasikiliza tena. Lakini mkono wa mtu una kwao. Juu gitaa lilinguruma kizungu, chini mkono wa kulia ulikuwa unapiga lizombe, ngoma ya wazee wetu, kwa hiyo roki ya Fundi ilichezeka. Bibi alikuwa akipukuchua mahindi ya shamba lake la Maposeni huku akimfuata. Fundi akiongeza mwendo, bibi naye anaongeza, na punje zinaruka mpaka mlangoni.

"Huyu bwana atanimalizia gunia leo," alikuwa akisema, na mikono haisimami.

Miaka hiyo umeme wa mji wetu ulikuwa wa jenereta na wa mgao. Ulikuwa ukikatika katikati ya wimbo, na mtaa mzima ukasema "aaa" kwa pamoja, kisha watoto tukakimbilia kibandani, kwa sababu Fundi hakuacha. Aliendelea bila kipaza sauti, nyuzi zikilia kwa sauti ndogo, na tulimzunguka tukiwa tumepakata masuku tuliyookota porini, tunamung'unya na kutema mbegu kimya kimya ili tusikie. Hakuwahi kutufukuza. Alituomba tu tusimwage mbegu kwenye redio za watu.

Televisheni ya kwanza mtaani kwetu iliingia kwa mwalimu. Kila Jumapili saa kumi jioni tulikwenda kwake, tukanawishwa miguu na mkewe pale mlangoni, tukakaa sakafuni kutazama katuni ya kuchekesha iliyotengenezwa Dar. Ilihusu familia moja yenye mbuzi anayesema, na kila wiki ilikuwa na mgeni, mwanamuziki wa kweli, amechorwa yeye mwenyewe na anasema kwa sauti yake mwenyewe. Waimbaji wa Dar walichorwa warefu, meno meupe, viatu vinang'aa. Mgeni alikuwa akiingia familia ikiwa imegombana, anawapatanisha, halafu anaimba wimbo mzima na mbuzi anacheza. Sisi tuliona hakuna heshima duniani inayozidi ile ya kuwa mgeni wa katuni.

Sasa siku moja kijana mmoja wa hao watengenezaji alipita Songea akienda Namtumbo kwenye harusi ya ndugu yake. Redio ya gari lake ikafa, akaelekezwa kwa Fundi, na alipokuwa akisubiri akasikia gitaa. Wiki chache baadaye ikapigwa simu. Fundi anaombwa Dar, awe mgeni wa katuni.

Alisafiri na suti yake ya harusi, gitaa amelizungushia kitenge cha mkewe. Aliporudi tulimjaa kibandani, wakubwa kwa wadogo.

"Wamenipigisha wimbo mzima mara nne," alitusimulia. "Mara nne! Halafu wakasema, haya mzee, jitambulishe. Nikawaambia, natoka Songea, Mjimwema, pale pale mjini."

Alilisema hilo taratibu, akiwa amenyoosha mgongo. Alijua Dar watu wanavyofikiri kwetu ni pori tupu, na alitaka liwekwe sawa. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakasema amejibu vizuri.

Jumapili yenyewe ilipofika, mwalimu aliitoa televisheni barazani ili mtaa wote uone. Tulibeba mabenchi ya jumuiya yetu ya kanisa. Bibi alikoroga togwa ndoo mbili tangu Ijumaa, mke wa Fundi alikaanga maandazi, na mwenyekiti wa jumuiya alisali kabisa, kwa sauti, kwamba Mungu atuepushie kukatika kwa umeme. Fundi aliwekwa kwenye kochi la mwalimu, katikati, ndani ya ile suti. Nilikaa chini karibu na viatu vyake. Alikuwa amevipaka rangi mpaka kwenye kamba.

Kwanza tulisikia gitaa. Lilikuwa lake, lile lile la jioni, na uwanja mzima ulisimama kupiga makofi. Zilikuwa sekunde kama kumi na tano hivi. Kisha akaingia.

Fundi alikuwa mtu mwembamba, mwenye meno yote. Walichotuletea ni kijizee chenye kitambi na jino moja, suruali imefungwa kwa kamba ya katani, kinapepesa macho kama hakijawahi kuona taa. "Natoka Songea, Mjimwema, pale pale mjini," kikasema, kwa sauti ya Fundi, kwa maneno ya Fundi, na mbuzi akauliza, "Wapi?" Kikaanguka kutoka jukwaani. Watu wa kurekodiwa, wale wa kicheko cha kubandikwa, wakacheka. Kikainuka, kikaanguka mtaroni: natoka Songea. Kikadumbukia kwenye sufuria la maharage: natoka Songea. Sentensi moja aliyowapa kwa heshima waliikata wakaibandika kila mahali, mara sita au saba, na kila mara kicheko. Wimbo alioupiga mara nne haukurudi tena.

Pale uwanjani mwanzoni palikuwa kimya. Halafu mwalimu akacheka. Mwalimu alikuwa mtu wa kuheshimiwa, kwa hiyo tukajua inaruhusiwa, na tukacheka wote, benchi kwa benchi. Nilicheka mpaka togwa ikanitoka puani. Bibi alinifinya begani, alama ikakaa siku tatu, na bado nilicheka.

Fundi alitazama mpaka mwisho. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Nawashukuru kwa kuja," akasema, akaondoka na mkewe, sahani ya maandazi ikiwa bado imejaa. Na umeme, huo uliokuwa ukikatika kila siku ya Mungu, siku hiyo haukukatika hata dakika moja.

Baada ya hapo maneno yale yakawa ya mji mzima. Sokoni mtu akiangusha kapu la nyanya, anaambiwa hayo hayo. Darasani mwalimu alikuwa akimsimamisha aliyekosa hesabu na kumuuliza, "Wewe unatoka wapi?" na darasa zima linajibu. Na mimi, rafiki yangu, nilikuwa bingwa. Nilikuwa na sauti ya Fundi kamili, mpaka ile pumzi yake kabla ya neno Mjimwema. Nilikuwa nikisimama barabarani mbele ya kibanda, nashika tumbo kama nina kitambi, nayasema, na wenzangu wanagaagaa. Nilikuwa na miaka kumi. Wasinidanganye kwamba mtoto wa miaka kumi hajui anachofanya. Nilijua, maana nilihakikisha kwanza kama yumo ndani.

Hasira yangu kwa wale wa Dar haijapungua hata chembe. Mgeni kwetu hupewa kiti na maji kabla hajaulizwa habari. Wao walimwita mgeni, wakamlaki, wakamsifu usoni, wakasubiri apande basi ndipo wamvue nguo. Lakini hao waliicheka Songea wakiwa mbali nayo. Sisi tuliicheka tukiwa ndani yake, tumekalia mabenchi yetu wenyewe. "Mcheza kwao hutunzwa," bibi alisema jioni ile akiosha ndoo za togwa. "Sisi wetu tumemtunza hivyo?" Mimi nilijifanya nimelala.

Fundi hakulipiga gitaa tena. Hakugombana na mtu, salamu alizipokea, redio zetu alizitengeneza kama kawaida. Ila kile kipaza sauti alikifungua, kipuri kimoja kimoja, akakitumia kuponyea redio za watu. Redio ya bibi ilipokufa, alimwekea spika iliyotoka humo. Ilikuwa kubwa kuliko redio yenyewe, ikabidi aifunge kwa mpira nje ya kasha. Bibi alipoiwasha, taarifa ya habari ilinguruma nyumba nzima. Alisikiliza kidogo, akaipunguza sauti kabisa, na tangu siku hiyo alipukuchua mahindi polepole. Gunia lililokuwa likiisha jioni moja lilichukua siku mbili.

Hayo yote nilikuwa nimeyafukia. Nilisoma, nikaolewa mbali, na stika ilipoanza kuzunguka miaka ya karibuni niliiona nikaipita haraka. Sikumwambia mtu. Ilibidi wamtume marehemu kama stika kwenye tangazo la msiba wake mwenyewe ndipo nikatoka kwenye kundi lile na kupanda basi.

Mjimwema ya sasa ina umeme wa uhakika, na televisheni ziko kila nyumba. Mahindi yanapukuchuliwa kwa mashine. Kibanda cha mabati kimebaki fremu tupu, na mahali pale watoto tulipokaa na masuku yetu pameegeshwa bodaboda. Nilisimama hapo nikijaribu kuukumbuka ule wimbo wake niliousikia kila jioni ya utoto wangu, na sikuupata. Mwanzo wake niliupata, kisha ukanipotea. Kilichonijia chenyewe, bila kuitwa, kilikuwa kicheko cha wale watu wa kurekodiwa. Nilitukana peke yangu pale kama mwehu, na kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza kama nahitaji usafiri.

Siku ya pili baada ya mazishi, mke wa Fundi aliniita kwenye mkeka wake, ndani, mbali kidogo na wanawake wengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu yako inayo ile kitu?"

"Kitu gani, mama?"

"Ile kitu ya Dar. Ya mbuzi."

Nilimwambia aachane nayo, nitamtafutia nyimbo za kanisa.

"Nimekuuliza kama unayo," alisema. "Nataka kumsikia. Amewatengenezea redio watu wote hawa, yeye mwenyewe hana kanda hata moja. Nimepekua nyumba nzima."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wimbo mzima, mara nne, ulibaki huko Dar, na nani anajua walikoutupa. Katika maisha yote ya mtu yule kilichosalia duniani kwa kusikika ni zile sekunde kumi na tano na ile sentensi, na viko ndani ya uchafu ule, havipatikani pengine. Tukimtaka, lazima tupitie kwa mbuzi.

Niliitafuta. Nikaifunika simu kwa upindo wa khanga ili asikione kile kijizee, kidole gumba nimekiacha chini yake, nikabonyeza. Gitaa likalia. Mama alifumba macho. Kisha akaja Fundi mwenyewe, "Natoka Songea, Mjimwema, pale pale mjini," na kidole changu kikachelewa kuizima. Kicheko kikatoka, cha watu wengi, ndani ya nyumba ya msiba, na wanawake wote wakageuka kututazama.

"Irudishe," mama alisema. "Usiwaache wacheke."

Nilirudisha. Nikachelewa tena, kicheko kifupi kikapenya. Mama alifumbua macho akanitazama.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimwigiza pale barabarani," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ni mimi, mama."

Alinisogelea mkekani. Huko nje mtu alikuwa akimimina maji kwenye pipa.

"Basi sikiliza anavyosema mwenyewe," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Gitaa likaanza, na chini yake nikasikia lizombe, mkono ule wa kulia. Nikaweka kidole juu ya kioo, nikaingoja ile pumzi yake, nikalingoja neno la mwisho lifike mwisho, nikabonyeza isimame. Kicheko hakikutoka.

"Tena," alisema mama.