Mrushaji Aliyekataa Mkono wa Kulia

Kila nikifungua kitabu cha zamani chenye harufu ya vumbi na gundi kavu, namkumbuka mrushaji wangu. Nilimkuta maktaba huko Silver Spring, ughaibuni tulikohamia, nikiwa darasa la nne, kwenye picha iliyofifia ya kitabu kimoja: kijana mwembamba wa mwanzoni mwa karne iliyopita, aliyelipwa kurusha mpira wa besiboli. Alikuwa mashoto, kama mimi. Kocha wake wa kwanza alimwamuru atumie mkono wa kulia. Akakataa, na kwa misimu minane wapigaji waliosimama mbele yake waliukosa mpira wakarudi benchi wameinamisha vichwa.

Nyumbani kwetu mkono wangu wa kushoto ulikuwa kesi isiyokwisha. Mama, mtu wa Tanga, aliupiga kofi jepesi kila ulipogusa kijiko, kikombe cha mgeni, hata penseli. Kijiko nilikubali. Penseli nilikataa katakata, maana nikiandika kwa kulia ungedhani kuku kaparua.

Shuleni tuliambiwa kila mmoja asimulie maisha ya mtu anayempenda, wazazi wakiwapo. Nikamwambia Mama kwamba nitamsimulia mrushaji wangu, na nitaonyesha jinsi alivyorusha.

"Watakuwapo watu wa kwetu pale, mwanangu. Utarusha kwa kulia. Usinitie aibu."

"Yeye hakutumia kulia, Mama. Na mimi si-switch mkono."

Siku ilipofika Mama alikaa mstari wa mbele na baibui lake jipya, jirani yetu wa Mombasa pembeni yake. Nilisimulia, kisha nikauchukua mpira laini kwa kushoto, nikamtazama Mama machoni, nikaurusha. Ramani ya ukutani ikaanguka. Darasa zima lilicheka, mimi sikucheka. Nilijua adhabu inaningoja nyumbani, na nilikuwa tayari kuipokea.

Haikuja. Jioni Mama aliweka kijiko upande wangu wa kulia, na upande wa kushoto akaweka penseli. Nami, kwa ukaidi wangu, sikumshukuru.

Ila kuna ukurasa niliouruka siku ile, ule wa mwisho. Msimu wa tisa bega la mrushaji wangu liliharibika, timu ikamwacha, akarudi kwao kuuza kuni, na mkono ule haukuweza tena hata kuchana nywele. Niliuficha nikiogopa Mama atapata la kusema. Leo ningeusoma kwa sauti, Mama akinisikiliza. Mikono ya warushaji huharibika, ya kulia na ya kushoto. Wa mrushaji wangu uliharibika ukiwa wake mwenyewe, si wa kocha.