Mtoto wa Mjini

Baba yangu amekaa Kipawa miaka thelathini na moja. Amefanyia ukarani hapahapa, kastaafia hapahapa. Lakini mwite mtu wa mjini uone! "Sie watu wa Bukoba," atakwambia, na Bukoba yenyewe siku hizi anaisikia kwenye simu.

Basi mchumba wangu alipomtuma mshenga na barua ya posa, Baba aliisoma, akaikunja, akamrudishia. "Huyo mtoto wa mjini. Simpi binti." Hakuuliza kazi yake wala tabia. Kwa Baba neno hilo linatosha: tapeli, mlevi, mdomo mtamu. Jamani! Mwanaume mwenyewe fundi wa kuchonga milango, bia hata kuionja hajawahi.

Akaja mwenyewe, kanyoosha shati. Alipotoka tu, Baba akasema, "Umeona? Watoto wa mjini kwa kuvaa hawajambo." Mara ya pili akaja katoka kazini, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. "Anajifanya mnyonge. Ujanja wa mjini huo." Sasa aje vipi, uchi?

"Na mie je, Baba?" nilimuuliza. "Si nimezaliwa hapahapa?"

"Wewe una kwenu."

Nilichoka. Nikamwambia mchumba wangu ajaribu mara moja tena tu, ikishindikana basi. Akaja, akatoa shikamoo, Baba akaiitikia kwa shingo upande.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Temeke, mzee."

"Sijakuuliza unapokaa. Nakuuliza kwenu."

"Ndiyo Temeke, mzee. Wazazi walitoka kusini, lakini mama yangu kazikwa Temeke."

Baba akauliza taratibu, "Unaendaga?"

"Kila Jumapili nikitoka kanisani. Napalilia kidogo, nakaa naye, naondoka."

Sie mama yetu tulimsafirisha Bukoba, mchana kutwa na usiku kucha barabarani, maana Baba alikataa katakata mkewe alazwe kwenye mchanga wa mjini. Mwaka wa tisa huu. Hatujarudi hata mara moja, si yeye si mie. Kila mwaka magoti yake yanamuuma, kila mwaka likizo yangu haitoshi.

Baba alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mwambie mshenga arudi Jumamosi," alisema, bila kuniangalia.

Nilipaswa kupiga vigelegele. Nikaingia jikoni nikalia kwa hasira, maana kaburi la mama yangu sijui hata nani analipalilia.