Safari ya Kibuye Kabla ya Posa ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alinipigia simu kutoka Kigali akaniambia niache biashara siku mbili, twende Kibuye kupumzika. Mimi nauza sambaza sokoni Gisenyi, samaki wadogo wa ziwa wasiomsubiri mtu, na sikuwahi kupanda basi kwa ajili ya kupumzika tu. Lakini nilikubali papo hapo. Posa yake ilikuwa imebakiza wiki tatu, na nilidhani najua ananiitia nini: kuniomba nikae kwenye kiti cha mama.

Siku ya posa familia mbili hukaa zikitazamana, na upande wa binti lazima wawepo watu wa kukaa mahali pa wazazi. Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwingine, baba kisha mama. Baada ya mazishi ya mama, shangazi alikuja na mpango wa kutugawa sisi watatu kwa ndugu, kila mmoja nyumba yake. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilikataa, nikaacha shule, nikajitwika beseni la sambaza. Hatukugawanywa. Kwa hiyo kiti kile niliona ni changu tangu zamani. Nilikuwa hata nimeshashonesha mushanana, lile vazi la sherehe la kufungia begani.

Alifika kwangu Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tukaondoka. Mabasi yetu huondoka dakika ile ile iliyo kwenye tiketi, kwa hiyo tulifika stendi mapema mno, nikakaa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili hata kabla dereva hajapanda. Baada ya mashamba ya chai zikaanza kona. Ziwa lilijitokeza upande wa kulia, chini kabisa, likajificha nyuma ya mikaratusi, likajitokeza tena.

“Mama, hicho kiti hakikimbii,” mzee mmoja nyuma yangu akasema. “Achilia kidogo, kipumue.”

Watu wakacheka, nami nikacheka. Akamgeukia mdogo wangu. “Mama yako hajazoea voiture?”

“Si mama. Ni yaya yangu.”

Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Alikuwa amesema kweli. Ila alijibu haraka, na ile haraka niliisikia.

Kibuye tulilala nyumba ya wageni ya kanisa. Jumapili niliamka kabla ya mapambazuko kama kawaida, nikatandika kitanda changu, nikaosha vikombe vya watu nisiowajua. Msichana wa jikoni alinikuta kwenye sinki. “Mama, unataka kazi yangu? Basi uombe kwa padri.” Sikujua mtu anayepumzika hufanya nini na mikono.

Mchana tulikaa kando ya maji, tukaletewa sambaza wa kukaanga. Nilimwangalia mmoja machoni. “Hawa ni wa juzi.”

“Kula tu, yaya. Leo we si muuzaji.” Kisha akasukuma sahani. “Iko kitu nataka kukuambia.”

“Sema.”

“Shangazi na bwana yake ndio watakaa pa wazazi. Wakwe wanataka baba na mama, watu walioowana. We uko peke yako. Donc... kadi zimeshachapwa.”

Ni kweli sikuolewa. Walikuja wanaume wawili kwa nyakati tofauti, na kila mmoja aliuliza wadogo zangu wataenda kuishi wapi. Sikumkumbusha hilo. Alikuwepo; yule wa pili, yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango.

“Umekasirika?”

“Mutu mwenye hasira hawezi kula samaki mubaya namna hii.”

Alicheka, halafu akalia, nami nikampa kitambaa changu cha kichwa ajifute. Alipotulia akasema lililobaki. Siku ya posa, mama wa binti huwaeleza wakwe mtoto wake alikuaje. Shangazi hakuwa na la kueleza. “Atakupigia simu, yaya. Umuelezee tafadhali.”

Jioni basi lake la Kigali liliondoka kwanza. Alinipungia mkono dirishani mpaka likakata kona. Langu la kurudi Gisenyi lilipofika kwenye milima, simu ikaita.

“Bon, mwanangu,” shangazi akasema. “Nimeshika kalamu. Alikuwa mtoto wa namna gani?”

Ningeweza kukata. Kule milimani mtandao hupotea kila mara, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini akilini nilimwona mdogo wangu amekaa siku ya posa mbele ya ukoo wa watu, na mtu anasimama kumsemea halafu anakosa neno.

Nikaanza. Nikamwambia alivyougua surua akapona. Nikamwambia alivyokuwa akimenya maharage, moja moja, asile maganda. Shangazi alikuwa akirudia kila neno taratibu, akiandika.

“Aliogopa sana ardhi ikitikisika,” nikasema. “Volkano ikitetemesha nyumba, hakulala mpaka ashike sikio.”

“Ngoja. Sikio la nani?”

Abiria wa pembeni yangu alikuwa amelala, kichwa kikigonga kioo. Nilihamishia simu sikio la kushoto, lile alilokuwa akilishika.

“La mama,” nikamwambia. “Andika la mama.”