Jina Tunalihifadhi

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwandishi wa habari wilayani Lushoto, na nilikuwa na maadili. Niliyapata Tanga, kwenye mafunzo ya wiki mbili, na hayakuwa mzigo mzito kwa sababu lilikuwa moja tu: mtu akikueleza jambo la hatari, usitaje jina lake. Mkufunzi alilisema hilo siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nusu ya darasa ikiwa imesinzia. Mimi sikusinzia. Nililiandika kwenye jalada la daftari kwa wino mwekundu, nikalipigia mstari mara mbili, nikarudi milimani nikijiona mtu wa kuogopwa.

Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini, zikitolewa kwa mashine ya kurudufu mara moja kwa mwezi. Lilikuwa la wanafunzi wa elimu ya watu wazima, wale waliokwisha kumaliza kitabu cha kwanza cha kisomo, wasije wakasahau herufi. Kwa hiyo halikuwa gazeti la kusoma na kufungia sukari. Lilisomwa darasani kwa sauti, mstari kwa mstari, na mwalimu akauliza maswali. Jambo hilo nilikuwa nalijua vizuri. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma.

Nilipewa baiskeli ya kazi. Aliyewahi kufika Usambara atajua kwamba zawadi ile ilitoka kwa mtu wa tambarare: mteremko ilinikimbia, mlima niliibeba begani. Nilifika vijijini nimetoka jasho, na watu walidhani ni kwa sababu ya bidii. Habari zangu zote zilianza na wananchi kujitokeza kwa wingi, hata siku walipojitokeza saba. Mhariri wangu pale Lushoto, mzee mpole aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, alinisifu kwamba sijawahi kumkosesha usingizi.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mvua zilikatika, maharage yakakaukia maua, na malori yakaanza kupanda kutoka Mombo yamebeba unga wa njano wa msaada. Kila kijiji kilipewa fungu lake, unga ukagawiwa kwa orodha, na orodha ikashikwa na mwenyekiti wa kijiji.

Kijiji ninachotaka kukieleza sitakitaja. Wala sitasema kama kiko upande wa Irente au upande unaotazama Magoma, kama kina kanisa au msikiti au vyote viwili. Nimejifunza, ingawa gharama ya masomo alilipa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa mjane. Alinisimamisha njiani, ndoo ya maji kichwani, mimi nikiwa na baiskeli yangu begani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayetuandikia gazeti?”

Nikakiri kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Akasema yeye yuko darasani, husoma polepole lakini hufika. Kisha akatua ndoo, akatazama nyuma, akanieleza kwamba wanawake wasio na waume hawapewi unga mpaka kwanza wakapalilie viazi vya mwenyekiti siku mbili. Anayekataa huambiwa orodha imejaa.

“Na wewe umekwenda?”

“Mara tatu. Unga wa serikali, jembe langu, viazi vyake.”

Nilitoa daftari. Alipoliona akashtuka, akaushika mkono wangu wenye kalamu.

“Usiniandike mimi, mgosi. Nina watoto watatu, na chakula chao ni hiyo orodha. Akinifuta, sina mlango mwingine wa kugonga.”

Nikamwonyesha maandishi mekundu ya kwenye jalada. Nikamwambia jina lake halitaonekana popote, kwamba sisi waandishi tuna miiko, kwamba ni afadhali nikatwe mkono. Aliniamini. Hata mimi nilijiamini.

Usiku sikuandika, niliogopa kuharibu. Niliandika asubuhi, na niliandika vizuri. Tatizo la habari bila jina ni kwamba inapwaya, haina nyama, na mkufunzi wetu alikuwa amesema pia, siku ya tano, kwamba habari iwe na uhai. Basi nikaipa uhai. Alama nitakazozitoa hapa si zake mama yule. Hizi nimeziazima kwa watu wengine watatu, na wawili wao wameshafariki. Lakini wingi wake ndio uleule. Niliandika: “Mama mmoja mjane (jina tunalihifadhi), mwenye pengo la meno ya mbele, mzazi wa watoto watatu ambao wawili ni pacha, anayeishi nyumba ya mwisho juu ya chemchemi, na ambaye marehemu mumewe alikuwa seremala, amelalamika kwamba kiongozi mmoja huwalimisha wajane shambani mwake kabla ya kuwapa unga.”

Nilisoma maneno yale kwa sauti chumbani kwangu, nikayapenda. Jina halikuwamo. Nililitafuta mara mbili kuhakikisha.

Upande wa mwenyekiti nilikuwa mwangalifu zaidi. Mwenyekiti alikuwa na koti la kaki la mifuko minne, alikohoa kabla ya kila sentensi, na alikuwa mtu pekee kijijini mwenye shamba la viazi lenye umbo la kiatu, unaloweza kuliona kutoka mlima wa pili. Hayo sikuyaandika hata moja. Uhai huo sikuuhitaji. Mhariri wangu naye alipofika kwenye “kiongozi mmoja” akavua miwani, akasema neno hilo linachoma. Akalifanya “baadhi ya viongozi wachache wasio waaminifu”, akaongeza “katika baadhi ya vijiji”. Mjane wangu akabaki mmoja vilevile, analalamikia umati.

Gazeti likatoka. Mwalimu wa darasa la kile kijiji akaniletea salamu kwamba wanafunzi wangependa kumwona mwandishi mwenyewe siku ya kulisoma. Nilifua shati.

Darasa lilianza saa tisa alasiri katika shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha mgeni, na mimi nikawekewa kiti kando yake. Tulisalimiana vizuri sana. Mama yule alikuwa dawati la tatu, gazeti limetandikwa mbele yake, kidole juu ya herufi ya kwanza. Aliponiona alitabasamu. Tulitazamana kwa siri, kama watu wawili wenye jambo lao.

Wakaanza kusoma. Walisoma kwa pamoja, silabi kwa silabi, na sauti yao ilipofika kwenye pengo la meno ikapungua. Ilipofika kwenye pacha ikapungua tena. Ilipofika kwenye chemchemi kulikuwa na watu wanne tu wanaosoma, na wote walikuwa wa mbele, wasioweza kuona nyuso za wenzao. Mwalimu hakuona kitu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye maswali manne ya ufahamu, na alikuwa ameshayaandika ubaoni.

“Swali la kwanza. Mama huyu ana watoto wangapi?”

“Watatu!” likaitika darasa.

“Anaishi wapi?”

Mikono ikapanda, maana watu walikuwa wameshazoea kwamba mkono unapanda mwenyewe swali likiwa rahisi. Mzee mmoja hakungoja kuitwa. Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea nyumba yenyewe, kwa sababu ilikuwa inaonekana.

“Mumewe alifanya kazi gani?”

“Seremala,” akajibu mtu, na palepale akaziba mdomo, kwa kuwa dawati alilokalia alilitengeneza huyo marehemu.

Mwalimu, kwa furaha ya mtu ambaye darasa lake limefaulu, akafika kwenye swali la mwisho.

“Na hao viongozi wasio waaminifu ni akina nani?”

Hakuna aliyeinua mkono. Mwenyekiti alikohoa. Mwishowe mwanamke mmoja wa nyuma akasema, “Mwalimu, hapo gazeti halikueleza.”

“Sahihi kabisa,” akasema mwalimu, akaweka alama ya vema ubaoni.

Nilimtazama mama yule. Nimesema alikuwa msomaji wa polepole. Darasa zima lilikuwa limeshamjua, na kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari wa pili, kinakwenda, midomo inacheza. Nilikiona kinafika kwenye chemchemi na kusimama. Hakuinua kichwa tena.

Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akatupongeza. Akasema ujinga umefutwa kijijini, leo hii mwananchi anaweza kusoma habari na kuielewa. Kisha akageukia dawati la tatu.

“Mama, hongera. Umeingia gazetini.”

Siku ya kugawa unga, orodha ilikuwa imejaa.

Alinijia ofisini Lushoto siku ya soko, kwa miguu, pacha mmoja mgongoni. Nilimkaribisha kiti, nikaanza kujitetea kabla hajakaa vizuri. Nilimwambia nimesikitika sana, ila jina lake sikulitaja, naye anaweza kuangalia mwenyewe. Nilikuwa na nakala mezani. Niliifungua, mpumbavu mimi, nikamwonyesha.

Hakukasirika kwa sauti. Aliweka kidole chini ya maneno yale.

“Mimi umeniandika mpaka meno,” akasema. “Yeye yuko wapi? Mtafute hapa unionyeshe.” Akakipeleka kidole mpaka mwisho wa habari, akakirudisha. “Kumbe kuficha unajua. Umemficha vizuri sana.”

Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba ile kazi niliyomwahidi, ya kumficha mtu, nilikuwa nimeifanya kwa ustadi kamili, ila kwa mtu asiyeihitaji. Niliona aibu, na aibu ile haijanitoka mpaka leo.

Alichotaka hakikuwa habari nyingine. Alitaka barua kwa mkubwa wa wilaya, ielezwe yote wazi, mwenyekiti atajwe jina na shamba lake litajwe lilipo. Jina lake pia litajwe, akasema. La kuficha halipo tena. Niliiandika barua palepale, na ilikuwa barua nzuri, fupi, isiyo na uhai hata kidogo. Kisha nikaitazama, nikaona mwandiko wangu, ambao ofisi zote za Lushoto zinaujua. Nikamshauri ainakili kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwambia sauti ya mwananchi ina uzito zaidi ikitoka kwa mwananchi. Nilisema hivyo, kwa maneno hayohayo, bila kupepesa jicho.

Alinitazama kidogo, akavuta kiti mezani. Alinakili kuanzia saa nne mpaka karibu adhuhuri, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo, mtoto akilala mapajani mwangu. Alipomaliza aliandika jina lake chini, herufi kubwa, zote za ukubwa tofauti. Mimi nikaichanachana ile ya mwandiko wangu, nikatia vipande mfukoni.

Nilimsindikiza mpaka ofisi za wilaya, yaani nilimsindikiza mpaka upande wa pili wa barabara. Huko nikajisimamisha kwa muuza mapeasi, nikayachagua moja moja, nikayarudisha. Alikaa ndani muda mrefu. Nilihesabu yote anayoyajua kuhusu mimi: jina, baba yangu ni nani, nyumba niliyopanga, na kwamba wino wa barua ile ulitoka kwenye meza ya gazeti. Ilikuwa inatosha kunifukuzisha kazi kabla ya jua kuzama.

Akatoka, akamkaza mtoto mgongoni, akavuka barabara. Nilimvuta nyuma ya magunia ya kabichi.

“Umenitaja?”

“Mkubwa ameniuliza mara tatu nani kaniandikia,” akasema. “Nimemwambia ni mimi. Akanipa kalamu niandike mbele yake, nikaandika. Sikukutaja.”

Nilishusha pumzi. Yeye akasubiri kidogo, ananitazama. Alipoona sina swali jingine, akaniambia mwenyewe kwamba Jumatatu atapewa unga.