Mkanda Juu ya Kikoi

Lamu hatuna majabali. Ndiyo maana wenzangu wa mashua walinicheka tangu mwanzo. Waliniuliza, kwani ngazi imekufa, hata mtu apande mnara halafu ashuke kwa kamba, tena alipe? Ila hoteli moja ya Ras Kitau, ambako nilikuwa nikivusha wageni, ina mnara mkongwe wa tangi la maji, na mwenyewe akaona wageni watapenda kuteremka ukutani wakitazama bahari. Alihitaji mtu mwenye leseni. Kazi ya kuvusha ilikuwa imepungua, na mimi shule niliishia darasa la nane. Nikasema nijaribu.

Nilipelekwa bara kujifunza, kwenye majabali ya kweli. Nakumbuka baridi, magoti kuchubuka, na kurudia jambo lile lile mpaka mikono ikawa mizito. Kufunga kamba hakukunisumbua. Kilichonishinda ni kuamrisha. Mwongozaji husema maneno mafupi: simama, usiguse, egemea nyuma. Kisha lazima amkague mgeni kwa mkono wake, avute ule mkanda unaozunguka kiuno na mapaja, ahakikishe umekaza. Mimi nilikuwa nikisema tafadhali, samahani, kama hutojali. Mkufunzi aliniambia heshima yangu ni ndefu mno kwa mtu aliyesimama ukingoni.

Siku ya mtihani, mtahini alivuka asubuhi kutoka Lamu mjini kuja hotelini. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara, mpole, ila macho yake hayapitwi na kitu. Mgeni wa kuteremshwa alitakiwa awe mtu ambaye hajawahi kuning'inia kwenye kamba. Yule tuliyemtegemea aliamka na homa. Wapishi walikataa, watunza bustani wakapotea. Aliyejitolea ni bawabu wa hoteli, naye ni baba mkwe wangu. Alisema ikiwa ni kumsaidia mume wa mwanawe, yuko tayari. Sitaki kumsingizia: alikuja kwa wema mtupu.

Alikuja na shati la kazi na kikoi, kama siku zote, kaptula ndani. Huko juu ya mnara nilimvisha mkanda. Nilipoukaza, ulikaa juu ya lile bunda la kikoi kilichosokotwa kiunoni. Niliona. Nguo ikilegea, mkanda nao utalegea, hilo nililijua vizuri. Lakini kumwambia baba wa mke wangu avue nguo, tena mbele ya mwanamke mgeni, ulimi ulikataa. Nikakaza tena juu kwa juu, nikageuka kana kwamba natafuta helmeti.

Mtahini akasogea, akauvuta mkanda. Ukapanda hadi mbavuni.

“Umeona?”

“Nimeona, Madam.”

“Sasa hivi, au mapema?”

Ningeweza kusema sasa hivi. “Mapema,” nikasema.

Hakufoka. Alisema mgeni ni wangu, nimwambie mwenyewe. Kisha akatupa kisogo akatazama bahari, bila kuombwa.

Mimi nilisimama tu. Baba mkwe akanigeukia.

“Wangoja nini, bwana? Nambia.”

“Baba, vua kikoi.”

“Hilo tu? Nilidhani kamba imekatika.”

Akakivua, akakikunja vizuri, akanipa nikishike. Nikamvisha mkanda upya, nikauvuta kwa mkono wangu, nikamwambia aegemee nyuma. Aliteremka polepole akipiga Bismillahi, na alipofika chini neno lake la kwanza lilikuwa nimrushie kikoi chake.

Leseni sikupata. Mtahini alisema kamba zangu hana neno nazo, na kwamba niliposema, nilisema sawa. Lakini siku nyingine nitakuwa peke yangu na mgeni, na hapatakuwa na mtu wa kunivutia mkanda. Aliandika nibaki msaidizi mpaka mtihani mwingine: nifunge kamba, nishike mwisho wake chini, nisimteremshe mtu. Nimejaribu kumtafutia kosa. Nimejiambia kwamba hajui mkwe kwetu ni nani. Huenda anajua, hata kwao kuna wakwe. Na hata kama hajui, mkanda ulikuwa umelegea.

Sasa wageni wakiwepo huletwa mwongozaji kutoka bara. Ni mcheshi, na huwaamrisha matajiri kama anafukuza kuku, nao wanampenda. Mimi huwa chini, shingo ikiniuma kwa kutazama juu.

Kilichonikosesha raha zaidi ni baba mkwe. Tunaonana getini kila asubuhi, tunasalimiana, naye halitaji jambo lile. Mwishowe nikamwomba mke wangu amuulize kwa upole kama nilimvunjia heshima. Aliporudi kutoka kwao Mkomani alivua buibui, akaketi kwanza.

“Amesema hukumvunjia,” akaniambia. “Amesema ulichelewa kumwambia.”

“Basi?”

“Basi. Akauliza chai iko wapi.”

Madam alisema neno lilo hilo, kwa urefu zaidi tu. Nimewapima wote wawili na sioni pa kujitetea. Nimeomba kutahiniwa tena. Wamesema wanaotahiniwa ni wengi, nisubiri. Nasubiri, na sina hakika kwamba nikiletewa mkwe tena nitasema upesi.