Matuta Niliyoyaita Makaburi

Aibu hii ni yangu, ila chanzo chake ni Kasiani, jirani aliyenifukuza kwetu Burundi, nikaishia kulima viazi kwa kujificha msituni, kando ya reli, karibu na kijiji cha Simbo, ng'ambo ya mpaka.

Siku moja akaja mpima ardhi na ramani ya zamani. Ramani yake ilionyesha reli na msitu mtupu. Nikawaza: akilichora shamba langu, tutahamishwa tena.

"Shikamoo mzee. Matuta haya ni ya nini?"

"Marahaba. Ni makaburi," nikajibu mimi, muongo mkubwa.

Akavua kofia, akachora misalaba kwenye ramani. "Pole, mzee. Wamelala akina nani?"

Nilitaka kubuni majina, yakatoka ya kweli: mama yangu, kaka yangu Zakaria, binti yangu Yovina. Kasiani aliwaua, hata kuwazika sikupata nafasi. Nikalia kama mtoto. Mpima akapiga magoti kwenye tuta nililosema ni la Yovina, akaomba.

Hapo mke wangu akatokea na jembe na kikapu.

"Amahoro, mgeni! Baba Yovina, hebu msogeze kidogo. Hapo alipopiga magoti ndipo penye viazi vikubwa."